Asante kwa Kumi na Nne

Mmenitukana wiki hii, na mmenitukana vizuri. Bwana mmoja kaniandikia kwamba Krista atolewe nje na nguo zake zitupwe kwenye theluji. Mama mwingine anasema mimi ndiye ninayewafundisha wake za watu tabia mbaya. Haya, nimesikia. Sasa tulieni, maana Lyle Dombek bado amesimama nyuma ya pazia la jikoni, na mkewe ndiyo kwanza anashuka kwenye gari la kijana.

Kijisanduku chekundu kiko mkononi mwake. Yeison Paulino amemkumbatia, amembusu shavuni, amepiga honi, kaondoka zake.

Mlango ukafunguka. Baridi ikaingia, na Krista nyuma yake.

"Umetoka wapi?"

"Si umeniona? Pazia linachezacheza tangu tulipokata kona."

"Nipe hicho kisanduku."

"Si chako." Krista akaanza kuvua buti. "Yaani, si chako kwa sasa."

"Kwa sasa? Krista, leo mimi nasubiri simu ya kuniambia kama nina kazi au sina, halafu wewe unazunguka mjini na Yeison?"

"Muulize mwenyewe jioni. Nimempa neno langu kwamba sisemi kitu kabla hajasaini. Unamjua alivyo, anaogopa nuksi kuliko anavyomwogopa Mungu. Vumilia kidogo tu."

Kabla hajasaini! Kumbe Yeison anasaini leo.

Kwa mgeni aliyefungua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nakupa kwa kifupi. Lyle ni mdakaji wa timu ya besiboli ya Wachota Ngano wa Buffalo, yule mtu anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka mipira inayokuja kwa kasi ya kuua. Ana miaka thelathini na mitatu na magoti ya babu yake. Yeison naye ni mdakaji, ishirini na nne, mtoto wa San Pedro kule Jamhuri ya Dominika kwenye mashamba ya miwa, na kila anachokijua kafundishwa na Lyle. Jioni hii, ikifika saa kumi na mbili, klabu lazima iseme nani anapewa mkataba wa mwaka ujao na nani anaachwa aende zake. Na mwenye klabu amekwisha kufunga mfuko. Mrushaji mpya kameza mishahara, na iliyobaki inamtosha mdakaji mmoja.

Mmoja tu, wapenzi wangu. Na Lyle alikuwa anaumwa wivu tangu Julai.

Alimwonea kijana wivu kwa mkono wake, unaorusha mpira bila hata kuinuka. Aliona wivu warushaji walipoanza kuulizana, "Leo anadaka nani? Yeison? Afadhali." Aliona wivu kwa kicheko cha Krista, aliyemfundisha kijana kuendesha gari kwenye theluji na kila siku akarudi nyumbani anafuta machozi ya kucheka. Hata mbwa! Mbwa ambaye Lyle alimlea kwa chupa, akisikia ile honi anakwaruza mlango kama kafungiwa jela.

Na sasa mbwa huyohuyo alimpita Lyle, akaenda kulinusa koti la Krista. Mkia unapiga huku na huku.

"Na wewe pia," Lyle akamwambia mbwa. "Mshenzi mkubwa."

Krista alipanda juu kubadilisha nguo. Koti alilitundika, na kisanduku kilikuwa mfukoni mwa koti. Msiniulize kama Lyle alisita. Hakusita hata kidogo.

Ndani mlikuwa na saa ya mkono. Kubwa, nzito, ya kiume.

Lyle akashusha pumzi mpaka mabega yakalegea. Hawara hamnunulii mwanamke saa ya kiume, hata awe mjinga namna gani. Akatabasamu peke yake pale ukumbini, akaigeuza saa, na nyuma akaona kuna maandishi madogo. Ilibidi afumbe jicho la kushoto ndipo herufi zitulie. Tangu mpira mmoja wa Agosti ulipomgonga usoni, vitu vya karibu alikuwa akiviona viwiliviwili. Hiyo ilikuwa siri yake, na duniani aliijua mtu mmoja tu mwingine.

Herufi zikatulia. Zilisema: *Asante kwa 14. Y.*

Tabasamu likafa.

Kumi na nne ni namba ya Lyle. Iko mgongoni mwake miaka tisa. Iko kwenye kikombe chake cha kahawa, iko kwenye sanduku la barua nje, na ilikuwa kwenye keki ya harusi japo Krista alipiga kelele sana isiwekwe. Yeison anavaa sabini na moja, zile namba kubwa wanazopewa watu ambao klabu haijui kama watamaliza mwezi. Na sasa sabini na moja anamwambia kumi na nne asante!

"Kumbe," Lyle akasema. "Wamekwisha kumpa. Mimi niko hapa nasubiri simu, kumbe wao wamekwisha kugawana nguo zangu."

Krista alikuwa amesimama kwenye ngazi.

"Umefungua."

"Afadhali angekuwa hawara yako!"

Hata mbwa alikaa chini.

"Hebu rudia," Krista akasema.

"Nimesema..."

"Nimekusikia. Nakupa nafasi urudie vizuri."

"Hii ni namba yangu, Krista! Anachukua namba yangu!"

"Na mimi ni nani yako? Yaani kijana akinichukua mimi unashusha pumzi, akigusa namba unataka kuvunja nyumba? Nimekuona ukitabasamu, Lyle. Nilikuwa hapa juu nakuona."

Mwanamume mwenye akili angejibu chochote pale, angesema hata uongo. Yeye alirudisha saa kwenye kisanduku, akakitia mfukoni, akachukua funguo.

"Lyle, kaa chini! Umeelewa vibaya, sikiliza nikueleze..."

Mlango ukapigwa, na gari likatoka kinyumenyume mpaka likagonga sanduku la barua, lile lile lenye kumi na nne.

Gail Fiorella ndiye meneja mkuu wa Wachota Ngano. Ni mama mfupi mwenye sauti ya kondakta wa treni, na ndiye anayejua nani anabaki na nani anafungasha. Lyle alimkuta ofisini kwake, juu ya uwanja uliofunikwa theluji, simu mbili mezani na boksi la samaki wa kukaanga mbele yake. Ijumaa katika mji huu mtu anakula samaki hata kama nyumba inaungua.

"Lyle! Nilikuwa nakutafuta kwenye simu. Kaa. Chukua samaki."

"Sikuja kula, bosi."

"Basi sikiliza, nina habari ambayo..."

"Hapana. Leo utanisikiliza mimi kwanza."

Hapa, wapenzi wangu, mngekuwa pamoja nami tungemziba mdomo kwa nguvu.

"Kiwiko cha Yeison kimeharibika," Lyle akasema. "Vidole vyake viwili vya mwisho vinakufa ganzi. Anawaficha. Mpe mkataba leo, Aprili utakuwa na mdakaji asiyeweza hata kumrudishia mrushaji mpira."

Kalijuaje? Aliambiwa na Yeison mwenyewe, Septemba, kwenye bafu la uwanjani, bomba likiwa wazi ili wenzao wasisikie. Kijana alikuwa analia. "Kaka, wakijua wataniacha. Usimwambie mtu." Na Lyle, siku ile alikuwa bado mtu, alimpa la kwake pia, la jicho. Wakapeana mikono chini ya maji. La kwako silijui, la kwangu hulijui.

Gail akaweka uma chini.

"Umelijua hilo lini?"

"Septemba."

"Na unaniambia leo."

"Nakuambia leo."

Mama yule akamtazama. Akalifunika boksi la samaki polepole, kama mtu aliyeishiwa hamu.

"Nenda kakae hapo nje. Usiondoke."

"Ulikuwa na habari gani ya kuniambia?"

"Nilikuwa nayo," Gail akasema, akanyanyua simu.

Lyle alitoka akajiegemeza ukutani kwenye korido, na nitawaambia ukweli: alijisikia vizuri. Kwa dakika kama tano hivi alijisikia vizuri kuliko alivyowahi kujisikia tangu Julai. Aliona namba yake imerudi mgongoni, warushaji wanamwita tena, mbwa amelala miguuni pake.

Kisha lifti ikafunguka, akatoka Yeison. Kavaa tai! Kijana ambaye hata kwenye mazishi ya baba yake alivaa jezi, leo kavaa tai, na theluji imejaa kwenye nywele.

"Kaka! Shemeji kakuambia?"

"Kaniambia," Lyle akadanganya.

"Na umekubali? Niambie umekubali!"

"Ya nini kuniuliza? Namba si unayo tayari?"

"Ninayo wapi? Ni yako, kaka, ndiyo maana nimenunua saa!" Yeison akamkumbatia, akamwinua miguu ikaning'inia, magoti ya babu na yote. "Unajua baba alivaa kumi na nne, timu ya kiwanda cha sukari? Walimzika nayo. Nilitaka kukuomba tangu siku ile, nikaogopa utanitukana."

"Ningekutukana."

"Ndiyo nikamtuma shemeji! Yeye kasema utanuna siku mbili, ya tatu utakubali. Leo kanisindikiza dukani, mimi nilikuwa nimechagua mbaya, kasema ile angevaa mchunga ng'ombe."

"Yeison. Nishushe. Mtu anayeachwa na klabu..."

"Anayeachwa nani? Anayeachwa hanunuliwi namba! Wewe si ndiye uliyenifundisha? Akienda zake namba inabaki inaning'inia, unajichukulia bure. Anayenunuliwa ni anayebaki, ili mkikaa chumba kimoja cha kuvalia msimu mzima asikununie." Akacheka. "Na wewe ukinuna, kaka, chumba kizima hakikaliki."

Jamani! Lyle alilijua hilo kabla Yeison hajaota ndevu. Yeye mwenyewe kumi na nne aliipata kwa kumpa mzee Hutch fimbo ya kuvulia samaki, na Hutch akabaki kwenye timu miaka mitatu akimtambia nayo kila Jumatatu. Hakuna mtu Buffalo nzima anayeijua desturi ile kuliko Lyle Dombek. Lakini alipoisoma ile saa hakuwa anasoma kwa macho. Alikuwa anasoma kwa wivu.

"Kubaki vipi?" sauti ilimtoka nyembamba. "Pesa ni ya mdakaji mmoja."

"Ilikuwa! Nimewaambia wanikate mimi mshahara. Wakala wangu kanitukana kwa Kihispania, alipochoka akaanza Kiingereza. Nikamwambia, sikiliza mzee, mimi nadaka vizuri kwa sababu Lyle yuko kwenye benchi ananipigia kelele. Mkimwondoa nitaumbuka mbele ya watu. Bosi kasema nikikubali pungufu, tunabaki wote wawili. Ndiyo nimekuja kusaini." Akaishika tai yake kwa fahari. "Shemeji ndiye aliyenifunga."

Lyle akaushika ukuta.

"Kaka, mbona umepauka hivyo? Umekula?"

"Yeison, usiingie mle ndani. Nenda nyumbani. Nenda sasa hivi, waambie unaumwa tumbo, waambie chochote..."

Mlango ukafunguka.

"Nyote wawili," Gail akasema. "Ndani."

Nje ya dirisha giza lilikuwa limeshatanda juu ya uwanja. Mezani palikuwa na mikataba miwili, na Gail aliweka kiganja juu ya mmoja.

"Yeison, nakuuliza mara moja, na nataka ukweli. Kiwiko chako."

Kijana hakumtazama Gail. Alimtazama Lyle. Alitafuta kwenye uso ule kitu chochote cha kumwambia kwamba anavyofikiri sivyo, na hakukipata. Hakukunja hata uso. Afadhali angekunja.

"Bosi, mimi nilikosea," Lyle akaropoka. "Mimi si daktari, nilisikia tu, ganzi ni kitu cha kawaida, hata mimi..."

"Nyamaza, Lyle."

"Vidole viwili," Yeison akasema. "Tangu Septemba."

Gail akafumba macho kidogo. Alimpenda yule kijana, nawaambieni, kila mtu alimpenda, hilo ndilo lililokuwa tatizo tangu mwanzo wa hadithi hii.

"Siwezi kupeleka hilo kwa mwenye klabu nikamwambia alipie. Nitakuacha leo. Nenda katibiwe, ukipona nipigie mimi kabla hujampigia mwingine yeyote. Na pesa inamwendea Lyle." Akainama mbele. "Lakini safari hii sitaki kudanganywa mara mbili. Wewe umekaa naye benchi moja msimu mzima. Yeye ana nini ambacho natakiwa kukijua?"

Neno moja lilitosha. Jicho. Kijana aliseme tu, na wote wawili watateremka kwa lifti moja bila kazi, na itakuwa haki kabisa. Lyle mwenyewe angekuwa ndiye yeye, angekuwa amekwisha kulisema. Si ndivyo alivyofanya?

"Lyle?" Yeison akasema. "Lyle mzima. Hana kitu."

Hata angempiga ngumi ya mdomo, isingemuuma hivyo. Na niwaambie lililompata pale, mcheke mkitaka: aliona wivu tena. Baada ya yote yale, alimwonea wivu kijana kwa kuwa na moyo ambao yeye hana, na hapakuwa na klabu duniani ya kwenda kuuchongea.

Akatoa kisanduku chekundu mfukoni.

"Chukua saa yako."

"Kaa nayo," Yeison akasema, akaanza kuilegeza tai. "Saa ni ya anayebaki."

Akaelekea mlangoni.

"Saini, Lyle," Gail akasema, akimsukumia mkataba na kalamu. "Nina dakika chache tu za kuutuma."

Alitaka kusema. Naapa alitaka, nilimwona midomo ikifunguka. Lakini alimfikiria Krista kwenye ngazi, akafikiria atarudi nyumbani kumwambia nini, hana namba, hana kazi, hana rafiki. Akaishika kalamu. Akainama.

Mstari wa kusainia aliuona miwili.

Gail alikuwa akimtazama usoni moja kwa moja, kwa hiyo hakuweza kufumba jicho. Akasubiri itulie. Haikutulia. Ikapishana, ikasogea, ikarudi. Akachagua mmoja, akaandika jina lake lote haraka, akausukuma mkataba upande wa pili wa meza kama mtu anayerudisha sahani.

Gail akautazama. Akaugeuza kwenye mwanga. Mstari wa Lyle ulikuwa mweupe, haujaguswa. Jina la Lyle Dombek lilikuwa limelala juu ya jina la Gail Fiorella.

"Lyle," mama yule akasema taratibu, "nionyeshe kwa kidole. Mstari uko wapi?"

Kule mlangoni, Yeison akaachia kitasa.